Herufi Zilizomwagwa Kalembe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni ile niliyotaka kusogeza gunia la Papa Ndoole kwa mkono mmoja, likakataa. Lilikuwa gunia dogo, kama la maharagwe ya mlo wa watu wanne. Alikuwa ameliacha mlangoni akaenda kunawa. Nami nilitaka kupita tu. Nililivuta halikusogea, nikainama nikatia mikono yote miwili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimebeba viazi kwenye milima ya Masisi tangu nikiwa mdogo, na nilijua uzito wa vitu. Nilijua pia kwamba huku kwetu kitu kidogo kilicho kizito namna hiyo huwa kinatoka ardhini, na wanaokibeba huwa hawasemi wanakokipeleka.

Papa Ndoole alirudi akanikuta bado nimeinama.

"Acha hiyo, mutoto yangu," akasema. "Hiyo iko yangu."

Hakukasirika. Alilitupa begani kama mtu aliyezoea, akachukua njia ya msituni, ya kuelekea Walikale. Aliniambia anaenda Kibua kumwona dada yake. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye migomba, na tangu hapo nikawa mtu wa kumtazama.

Ngoja nikueleze huyo alikuwa nani, maana wewe hukumwona. Papa Ndoole alikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu hapa Kalembe, chumba kimoja cha mbao na kingine cha kuwekea karatasi. Mashini yake ilikuwa ya mkono, ile ambayo unapaka wino, unaweka karatasi, unavuta mti wa kukandamizia, unapata upande mmoja wa karatasi moja. Herufi zilikuwa za plombu, yale madini laini ya kijivu yaliyomo hata kwenye batri za gari. Kila herufi ni kipande chake, kirefu kama kucha ya kidole gumba, na kila moja ina chumba chake ndani ya sanduku. Unaziokota moja moja, unazipanga kwenye kibao cha chuma zikiwa zimegeuka juu chini, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa utimie. Unaufunga kwa uzi, unauchapa, kisha unaubomoa na kila herufi unairudisha chumbani kwake, kwa sababu bila hizo huna ukurasa unaofuata.

Tulikuwa watatu. Yeye, mtu wa msitu, aliyejifunza kazi kwenye kiwanda cha wamisionari kabla hakijafungwa. Mimi, mtu wa mlima, niliyemaliza sekondari nikakosa la kufanya na diploma yangu. Na Mama Riziki, mjane, aliyekunja kurasa na kuzishona kwa uzi aliousugua na nta ya nyuki ili usikatike. Vitabu vyetu vilikuwa vidogo. Hadithi za wazee, mashairi ya mwalimu mmoja wa Masisi, dawa za mimea. Tulichapa nakala chache, na watu walizisoma mpaka zikaisha pembe.

Herufi zile zilikuwa na kasoro moja. Walioziyeyusha waliziyeyusha kwa ajili ya Kifaransa. E zilijaa tele. Lakini K na W, ambazo Kiswahili hakiwezi kuendelea bila hizo, zilikuwa za kuhesabu. Tulipanga kurasa mbili, tukaishiwa, tukangoja zichapwe, tukazibomoa, tukaanza upya.

"Tuko na Q ya kujaza kikapu," Papa Ndoole alikuwa akisema, "na ku Kalembe yote hakuna hata muntu mumoja mwenye Q ku jina yake."

Mama Riziki alicheka kila mara, hata alipoisikia kwa mara ya ishirini.

Sasa, mwaka ule tulikuwa na kitabu kimoja kilichokuwa kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kufanya. Si kwa kurasa, kwa maana. Mzee Kanyama wa Kibua, mwindaji, ambaye hadithi zake za uwindaji Papa Ndoole alizijua kwa kichwa, alikuwa amekubali kusema. Baba yake alikuwepo siku ambayo watu wa mlima na watu wa msitu walikutana hapa mpakani, baada ya njaa na kuuana, wakaapishana kwamba njia hii haitamwagikiwa tena damu. Kila mtu alijua kwamba kiapo kilikuwepo. Maneno yenyewe alibaki nayo yeye peke yake, kwa sababu wenzake wote waliopewa walikuwa wamekwisha kufa, na watoto wake walikuwa makanisani au machimboni na hawakuwa na sikio la mambo hayo.

Lakini Mzee Kanyama alikuwa na masharti. Hakutaka kalamu. Alisema karatasi za kalamu ndizo zilizowanyang'anya wajomba zake bunduki za kuwindia, na ndizo zilizoandikwa majina ya watu waliochukuliwa wasirudi. Hakutaka mtu wa ofisi wala mtu wa silaha akaribie. Na kulikuwa na maneno ya jandoni mwao ambayo hayasemwi mbele ya asiyepita kule, naye aliogopa yasije yakamponyoka. Alipoona herufi za Papa Ndoole akapata njia. Angesema polepole, Papa Ndoole angepanga papo hapo, kutoka kinywani mwake. Akisema neno ambalo si la nje, angegonga fimbo chini, na Papa Ndoole angeliondoa neno lile mbele ya macho yake, herufi moja moja, kila moja irudi chumbani kwake.

"Nataka niione inarudi," alisema. "Kalamu ukifuta, inabaki chini yake."

Na karatasi hata moja ya kiapo isichapwe kabla ya kurasa zake zote kukamilika na yeye kusomewa zote akaridhika. Kurasa hizo zilikuwa nne. K zetu zilitosha mbili.

Hapo ndipo Papa Ndoole alipoanza safari zake. Nilivyoelewa mimi wakati huo, mtu alikuwa na kitabu kikubwa mezani, mzee amekaa anangoja, naye anakiacha kila baada ya wiki mbili au tatu akaenda siku tano, siku sita, na gunia zito. Siku moja dereva wa Fuso aliyeshusha karatasi zetu aliniambia alimwona Omate, kwa wachimbaji. Omate, si Kibua. Nilimwuliza Papa Ndoole dada yake anaendeleaje, akasema anaendelea vizuri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na sasa nilikuwa nimemshika nao mkononi.

Mtu akishaanza kushuku, mwanangu, kila kitu kinamletea ushahidi. Nilikuta batri nne za gari zilizokufa zimefunikwa na magunia nyuma ya karatasi. Nilimwona amerudi na malengelenge kwenye vidole viwili. Nilimwona anaacha mazungumzo yake na dereva mara nilipokaribia. Hata ukarimu wake nilianza kuuchunguza. Akinipa nyama ya porini, najiuliza kwa nini ananipa. Kwanza nilisema ni kasiterite, mawe ya madini ya bati, anaipitisha ndani ya masanduku ya herufi, nani atapekua masanduku ya herufi. Baadaye nikafikiri plombu, nikafikiri wale vijana waliokuwa wameanza kuonekana msituni na bunduki za kutengeneza, ambao walihitaji kitu cha kuyeyusha wapate masasi. Jambo hilo likanikaa rohoni. Yeye ni mtu wa msitu. Vijana wale ni wa msitu. Na mimi, mtu wa mlima, ninampakia wino mtu anayewapikia masasi ya kuwapiga ndugu zangu.

Ona jinsi lilivyonyooka. Hakuna aliyenidanganya, nililijenga mwenyewe.

Wakati huohuo Mzee Kanyama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipokuwa, kwenye kigoda chake, anasema kiapo. Alikisema kwa siku nyingi, asubuhi mpaka adhuhuri, kila kipande mara mbili mara tatu ili Papa Ndoole apate kuokota. Mimi nilikuwa nakata karatasi. Sikusikiliza. Nilikuwa nahesabu siku za safari, nimetega sikio langu kwa pikipiki na magari. Hili nitalirudia mbele ya Mungu nikiulizwa: maneno yale yalipita karibu nami kama mvua ya kwenye bati, na sikuokota hata moja.

Siku ya soko nilikwenda bariyeri. Unajua bariyeri za huku, mti umelazwa njiani, wanaume wenye silaha, na wewe unapita ukiinamisha macho. Sikuinamisha. Mkubwa wao alikuwa amekaa juu ya pipa anakula hindi la kuchoma.

"Unatafuta nini, etidia?" akaniuliza. Waliniita hivyo, yaani mwanafunzi, kwa sababu ya miwani yangu.

"Natafuta kusema neno."

"Sema. Maneno hapa hailipe kupita." Wenzake wakacheka.

Nikasema. Sikusema yote niliyoshuku, nilisema niliyoyaona: gunia, batri, Omate. Nilijiambia kwamba nimesema kweli tupu. Na ilikuwa kweli tupu, kila neno. Akaacha kutafuna.

"We iko muntu mwenye kusoma," akasema. "Wenye kusoma wanaonaka mbele ya wengine. Rudi ku kazi. Usibadilishe uso."

Sikubadilisha uso. Hiyo ndiyo sehemu niliyoiweza vizuri.

Nilidhani watakuja siku ambayo Mzee hayupo. Walikuja baada ya siku mbili, asubuhi, kurasa nne zimekamilika juu ya jiwe la kupangia, zimefungwa kwa uzi, na Papa Ndoole anamsomea Mzee ukurasa wa mwisho kwa kidole. K zilikuwa zimetosha, na sikujiuliza zimetosha vipi. Waliingia watu sita. Mkubwa akauliza madini yako wapi. Papa Ndoole akasema hapa kuna herufi tu. Wakavuta masanduku, wakayageuza. Herufi zikamwagika sakafuni, zote, kwa sauti ambayo siwezi kukueleza, si ya mawe wala ya maji. Hawakupata kitu chini yake. Wakapata gunia dogo, wakalimwaga pia, zikatoka herufi mpya, zinang'aa. Mkubwa akaokota moja.

"Hii ni nini?"

"Ni K," Papa Ndoole akajibu.

"K ya nini?"

"Ya kuandikia."

Mkubwa akamtazama kama mtu anayedhihakiwa. Akaenda kwenye jiwe, akaona kurasa nne zilizofungwa, vipande vizito vya kijivu, kila kimoja sawa na kingine. Papa Ndoole akanyoosha mikono yote miwili.

"Hapana hizo, mukubwa. Nakuomba. Hizo ni za Muzee."

Nadhani kumwomba ndiko kulikoharibu. Mkubwa akakata nyuzi kwa kisu, akapitisha mkono juu ya jiwe kama mtu anayefuta makombo mezani.

Mzee Kanyama alikuwa bado amekaa. Alitazama sakafu kwa muda. Halafu akasimama, akachukua fimbo yake na kofia yake ya ngozi, akapita katikati ya wale watu wenye bunduki bila kuwagusa, akaenda zake. Hakugonga fimbo chini.

Walimchukua Papa Ndoole na batri zake. Baada ya siku tatu akarudi bila viatu na bila saa, anachechemea, akakaa sakafuni akaanza kuokota. Tuliokota watatu, kwa wiki nyingi. Unachukua kipande, unakipeleka kwenye mwanga, unasoma uso wake, unakipeleka chumbani kwake. N na U zinakudanganya, B na D zinakudanganya. Zilizokanyagwa na buti hazikusomeka.

Siku ya kwanza ya kuokota Papa Ndoole alisema sentensi moja tu. "Kuna muntu alisema."

Na sasa shaka, iliyokuwa yangu peke yangu, ikawa ya watu wote. Majirani walianza kupita polepole mlangoni. Mdogo wake Mama Riziki alikuwa anawapikia wale wa bariyeri, alikuwa anakula kwao. Watu wakaunganisha. Mimi niliona wanavyounganisha, mwanangu, na ningeweza kulikata jambo lile kwa maneno mawili. Badala yake mwanamke mmoja sokoni aliponiuliza, nilisema, "Mi sijue. Lakini ndugu yake njo anakulaka kule." Nilisema kweli tupu, kama bariyeri.

Mama Riziki alikuja asubuhi moja na sindano zake na donge la nta limefungwa kwenye kitambaa. Akaviweka mbele yangu.

"Kaka Bauma, chukua. Mi najua si mi nilisema," akasema. "Na mwenye alisema, yee pia anajua si mi."

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama donge la nta. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama alikuwa ananieleza au ananihukumu. Aliondoka, na mimi nikarudi kuokota.

Utaniuliza kama baada ya kuona masanduku hayana kitu nilimwamini Papa Ndoole. Sikumwamini. Nilisema hawakupekua vizuri. Nilisema aliambiwa mapema akaficha. Mtu mwenye shaka hashindwi na masanduku matupu.

Msimu wa mvua ulipopungua, Papa Ndoole aliniita. Mguu wake haukuwa umepona.

"Nitaenda Omate," akasema. "Siwezi kubeba. Tutaenda wote wawili. Nimeonelea we njo muntu nabakia naye."

Nilibeba mimi. Tulitembea, tukapanda lori, tukatembea tena. Ndani ya gunia kulikuwa na batri mbili nyingine alizozipasua, na herufi zilizokanyagwa. Njia nzima nilijiambia, sasa nitaona. Nilipanga hata nitakavyokimbia.

Kule Omate, Papa Ndoole alinipeleka nyuma ya vibanda vya wachimbaji, kwa fundi mmoja anayeyeyusha dhahabu ya watu kwenye chungu kidogo na mivukuto ya ngozi. Mzee mwenye kikohozi. Fundi akachukua K moja nzuri, akaikandamiza kwenye udongo laini aliouchekecha kama unga, akaitoa, ikabaki alama. Akamimina plombu iliyoyeyuka. Akapuliza, akangoja, akauvunja udongo. Ikatoka K. Papa Ndoole akaipokea ikiwa bado ya moto, akaunguza kidole, akacheka, akaanza kuisugua kwa tupa mpaka ikawa na urefu wa wenzake. Ilichukua karibu asubuhi nzima kupata K sita nzuri. Zilizobaki zilikuwa na matundu, zikarudishwa chunguni.

Nilikaa juu ya gogo. Nilikuwa nimekuja kuona masasi.

"Fundi hana karatasi za kazi," Papa Ndoole akanieleza, "na plombu ku bariyeri ni kesi. Nilimuahidia sitataja jina yake ku muntu. Njo maana nilikuwa nasema naenda kwa dada."

Nilimwambia tukiwa njiani kurudi, tumekaa kwenye daraja la miti tunangoja lori. Nilisema yote, na la Mama Riziki pia. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Malori mawili yakapita bila sisi kuyasimamisha.

"Uliniona kila siku," akasema hatimaye. "Kinywa ulikuwa nayo. Juu ya nini haukuniuliza?"

"Ungenidanganya, Papa."

"Siku ya kwanza, ndiyo, ningekudanganya. Ya pili pia, labda. Ya tatu ningekuambia, maana ningeona unateseka." Akachukua gunia kutoka mgongoni kwangu, akaliweka katikati yetu. "Wale wa bariyeri, uliwajua tangu lini? Hata jina ya mukubwa haukujua. Mi umekula kwangu miaka mbili. Na ulipeleka shaka yako kwa mwenye bunduki ili akuulizie."

Sijapata kusikia hukumu nyingine baada ya ile. Zote nilizosikia zilikuwa ile ile kwa maneno mengine.

Aliniagiza kwa Mama Riziki kwanza. Nilimkuta anapalilia mihogo. Nilisimama kwenye tuta nikasema mbele yake na mbele ya mama mkwe wake, na baadaye, kwa sharti lake, mbele ya wanawake sokoni, palepale niliposema lile la ndugu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Sasa enda." Hakurudi kiwandani. Nilijifunza kushona kwa sindano zake, na sijafikia mkono wake.

Kisha nikaenda Kibua. Mzee Kanyama alinipokea kama mgeni yeyote. Alinipa kigoda, akamwambia binti yake alete ndizi na samaki wa mtoni. Nikasema nilichokuja kusema. Alikuwa anachonga mpini wa panga, hakuacha kuchonga. Nilipomaliza akaniuliza kama njia ina matope. Nikasema ina matope. Nikamwomba, kwa magoti, arudi aseme tena, hata mara moja, hata kwa Papa Ndoole peke yake mimi nikiwa mbali.

"Kusema nini, mujukulu?"

"Kiapo, Muzee. Kile cha mlima na msitu."

"Mi sijue kiapo," akasema kwa upole. "Labda uliniota. Kula, samaki inapoa."

Nilikwenda mara nne. Mara zote nilikula. Alinieleza jinsi ya kusoma nyayo za nguruwe, alinieleza ujana wa mke wake, alicheka nami. Lakini alikwisha kuamini kwamba tulimwita Kalembe ili wenye silaha waje, na kwamba aliyenusurika mara moja hapaswi kuingia tena kwa miguu yake. Nilipomwapia kwamba Papa Ndoole hakujua, alinitazama jinsi mimi nilivyokuwa nikimtazama Papa Ndoole. Nililijua jicho lile kwa ndani. Aliishi misimu miwili mingine ya mvua, akili yake nzima, akafa na maneno yale.

Papa Ndoole alikumbuka kisa. Aliyepanga herufi huwa anaona herufi zaidi ya maneno, lakini kisa alikuwa nacho. Nikamwambia basi tuandike kiapo karibu na kilivyokuwa. Akakataa.

"Siwezi kuapisha watu na maneno ya kichwa yangu."

Tulichapa kitabu na hadithi nyingine zote za Mzee, kwa K za Omate, ambazo ukiangalia vizuri zimeinama kidogo. Kurasa nne za kiapo aliziacha. Zina namba zake chini, na juu hazina kitu. Watu wengi wamekileta kitabu kwangu wakidhani kiwanda kilikosea. Nami huwa nawaambia, hakikukosea kiwanda, nilikosea mimi.

Na hilo halikubaki kwenye kitabu. Umeona mwenyewe mwaka huu vijana wa mlima na vijana wa msitu wakisimama kwenye njia hii na mapanga. Wazee walisema, "Kuna kiapo." Kijana mmoja akauliza, "Kinasema nini?" Wazee wakatazamana. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kiapo hicho siku nyingi.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayekuja kwenye kiwanda hiki na simu mfukoni. Wiki iliyopita ulinionyesha picha ya yule mwanamke mgeni anayetuletea karatasi, na maandishi chini yake kwamba si mtu mzuri, na ukaniuliza uitume kwa wangapi. Nakujibu sasa.

Sikuambii usishuku. Tumeishi mahali ambapo shaka imeokoa watu, na mimi mwenyewe bado huamka nikashuku. Juzi nilihesabu mara mbili rimu za karatasi alizoleta yule mwanamke; niliona aibu, lakini nilizihesabu. Ninachokuambia ni mahali pa kuipeleka. Ipeleke kwanza kwa mwenyewe. Mwendee mchana, mkiwa wawili, umwulize kwa kinywa chako, na akikudanganya urudi kesho umwulize tena. Ukiogopa kumwuliza, jiulize basi ni yeye unayemwogopa au ni kwamba umeshapenda kuwa anayejua. Usiipeleke kwa mwenye silaha akuulizie, wala kwenye simu ambako watu mia watauliza kwa pamoja na hakuna atakayesikiliza jibu. Usijifiche nyuma ya kusema kweli tupu, kwa maana mimi nilimwangamiza mtu kwa maneno ambayo hakuna hata moja lililokuwa uongo. Na kosa lako likianza kumtembelea mtu mwingine, lidai kuwa lako siku hiyohiyo, kabla hajakuletea sindano zake. Ukichelewa utasamehewa, labda, lakini hutarudishiwa.

Mungu akupe macho yanayoona na kinywa kisichoogopa kuuliza. Akupe mkono mtulivu kazini na watu wanaobaki nawe. Na siku utakaposhukiwa wewe, mwanangu, kwa maana siku hiyo itafika, akuletee mtu mmoja atakayekuja mlangoni kwako mchana, akae, akuulize.